Si papa, ni nanga

Je, papa ndio wanaoharibu nyaya za umeme zilizolazwa chini ya bahari? Hapana, si papa. Hao waliwahi kung'ata nyaya za mawasiliano, ambazo ni nyembamba. Waya wa umeme mkubwa kwa kawaida huvikwa nyuzi za chuma. Adui mkubwa ni nanga za meli na nyavu za kukokota. Estlink 2, waya wa umeme wa chini ya bahari kati ya Finland na Estonia, ilizimika 25 Desemba 2024, na baadaye nanga ikaopolewa baharini. Kisha kuna viungio vya waya: unyevu ukipenya kwenye insulesheni, yaani tabaka linalozuia umeme usivuje, umeme huitoboa polepole mpaka waya unaungua. Na uchakavu usiudharau. Sisi wa Unguja, tukitegemea waya wa 1980, tulikaa gizani karibu miezi 3 kuanzia Desemba 2009.