Kilomita 780 kwa miguu: ushauri kwa anayetaka kutembea ili ajikubali

Tangu nirudi kutoka Hispania, nilikotembea njia ya mahujaji iitwayo Camino de Santiago, watu wengi wameniuliza swali moja, hasa vijana wetu walioko huku Ulaya: je, safari ndefu ya miguu, peke yako, inaweza kumsaidia mtu anayejiona hajafika popote maishani? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa namna wanayoitegemea. Kufika mwisho wa njia hakukunipa kitu nilichokuwa sina. Kilichonisaidia kilitokea katikati, sehemu ambayo wengi huiruka kwa basi, na baada ya kurudi nyumbani ilibidi nikilinde kwa makusudi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye tayari anapiga hesabu ya siku za likizo.

Mimi ni mtoto wa kwanza, mtu wa Pangani. Nilikuja Ujerumani kusomea uhandisi, baba akafariki, ada za wadogo zangu zikawa juu yangu. Nikaacha chuo, nikaingia kazini katika nyumba ya kulea wazee Hamburg, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hadi leo. Wadogo zangu wamesoma wote, alhamdulillahi. Ila kwetu mtu aliyekaa Ulaya muda mrefu hupimwa kwa nyumba, na mimi sijajenga. Nina kiwanja, kimeota majani. Nikienda likizo, mjomba hunisalimia, huniuliza habari za baridi, kisha huniuliza msingi nitaanza lini. Hana ubaya. Lakini kwa miaka mingi nimelala na kuamka na kipimo hicho, mpaka hata nikimlisha mzee wa watu uji nilikuwa nasikia aibu ya nyumba ambayo haipo.

Nilichagua Camino de Santiago, ile njia inayoitwa ya Wafaransa. Inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pirenei, inavuka mpaka, kisha inakata kaskazini yote ya Hispania hadi Santiago de Compostela, ambako Wakatoliki wanaamini amezikwa Mtume Yakobo. Ni takriban kilomita 780. Mahujaji wameipita tangu Enzi za Kati. Siku hizi wapitao ni wa kila aina, na mwaka 2024 karibu watu 500,000 walipokea cheti cha kufika Santiago kwa njia zake zote. Niliichagua kwa sababu mtu asiye na uzoefu wa hema wala ramani anaiweza. Mishale ya njano inakuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeanzisha uchoraji wake miaka ya 1980 ni padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, na mpaka leo watu wa kujitolea wanaipaka upya rangi. Utaiona kwenye kuta za mazizi, kwenye nguzo za umeme, kwenye mawe, hata kwenye lami.

Wengine waliniuliza Mwislamu anatafuta nini kwenye hija ya Wakatoliki. Nilikwenda kutembea, na nilikwenda kama nilivyo. Nilisali pembeni ya mashamba ya mizabibu, nikipunguza na kuunganisha sala kama msafiri anavyoruhusiwa. Kadiri siku zilivyokwenda, ruhusa hiyo ilinigusa kuliko kitu chochote nilichokiona njiani. Mwenyezi Mungu mwenyewe anampunguzia msafiri rakaa nne zikawa mbili, kwa kuwa anajua safari ina taabu yake. Mimi nilikuwa safarini karibu nusu ya maisha yangu, ugenini, na sikuwahi kujipunguzia chochote.

Sasa miguu, maana bila miguu hayo mengine hayapo. Begi lako lisizidi asilimia 10 ya uzito wako; kila kitu unachokibeba “kwa tahadhari” utakilipia magotini. Nunua viatu vikubwa kidogo kuliko unavyovaa kawaida, kwa sababu mguu unavimba ukitembea kutwa, na uvivae miezi miwili kabla ya safari, begi likiwa mgongoni. Kila asubuhi paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisigino kabla ya soksi. Ukihisi joto mahali pamoja tu kwenye unyayo, simama hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta. Usijiambie utasimama kijiji kijacho. Lengelenge linatunga ndani ya nusu saa, na kulikausha ni wiki nzima.

Chakula kisikutie hofu. Nyama ya nguruwe iko kila mahali, lakini karibu kila mgahawa una tortilla, mayai na viazi vilivyokaangwa pamoja, ambayo kwa mtu wa kwetu ni chipsi mayai iliyoneneshwa. Ipo pia mikate, jibini, dagaa wa kopo, na matunda tele ukienda Septemba. Vitanda katika nyumba za mahujaji za manispaa na parokia si ghali. Mara nyingi havizidi euro 15, na vingine unatoa ulicho nacho. Mnalala wengi chumba kimoja, milango inafungwa saa nne usiku, na wanaokoroma hawakosekani. Chukua vizibo vya masikio.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwili: unatoka kwenye takriban mita 170 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi zaidi ya mita 1,400, ndipo unateremka hadi kijiji cha Roncesvalles, kilomita 25 kwa jumla. Siku hiyo walinipita wengi sana. Vijana, wazee, mama mmoja na binti yake wakiimba. Kwa mtu wa kwanza kuzaliwa, kupitwa kunauma mahali asipopajua. Ushauri wangu ni huu: waache wapite. Chagua mwendo unaokuruhusu kuongea bila kuhema, ushike huo huo mlimani na bondeni, na usiubadilishe kwa ajili ya mtu, hata kama ni mtu unayempenda kuongea naye. Utamkuta jioni. Safari ya peke yako kwenye njia ile haina maana ya kukosa watu. Maana yake ni kwamba saa za kutembea ni zako, hakuna wa kumngoja wala wa kumkimbilia.

Baada ya mji wa Burgos unaingia Meseta, uwanda wa juu usio na kitu. Ngano imeshavunwa, mabua yamebaki, alizeti zimekauka na kuinamisha vichwa. Wapitanjia huchomoa mbegu na kuchora nyuso kwenye vichwa hivyo, macho mawili na mdomo. Watu wengi hupanda basi kuiruka sehemu hii. Nakuomba usiiruke. Kutoka Carrión de los Condes kuna kilomita 17 bila kijiji, njia imenyooka, na unayoyaona saa tatu ndiyo unayoyaona saa tano. Akili inaishiwa vitu vya kuchezea. Yale uliyokuwa unayakwepa yanapanga foleni.

Hapo ndipo simu ilipoita. Mdogo wangu wa kike.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Kaka, samahani, paa la jikoni kwa mama linavuja. Fundi anataka hela ya bati kabla ya vuli.”

Kawaida ningesema “nitaangalia”, kisha ningekopa kwa rafiki na kulipa miezi mitatu. Siku hiyo nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na sikuwa na nguvu ya kupamba maneno. Nikamwambia, “Nina hela kidogo, lakini ni ya safari yangu. Mara hii siwezi.”

Alinyamaza. Nikasikia kuku wa mama nyuma yake. Kisha akauliza, “Safari ya wapi?”

“Niko Hispania. Natembea.”

“Kwa miguu?”

“Kwa miguu.”

“Umekula lakini?”

“Nimekula.”

“Haya kaka, basi. Tutaangalia wenyewe.”

Wakaangalia. Yeye na kaka yake mwingine wakachanga, bati zikapigwa kabla ya mvua. Ni watu wazima, wana mishahara, na mmoja wao ni fundi umeme mwenye wateja wake. Nilikaa kwenye kigogo kando ya njia, nikanywa maji, nikaona jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya macho yangu: kazi niliyojitwika baba alipofariki ilikwisha zamani, na ilikwisha vizuri. Watoto waliotakiwa kusomeshwa wamesoma. Nyumba yangu ni ile. Machozi yalinitoka hapo, peke yangu, kati ya mabua, na sikuwa na haja ya kuyaficha.

Ndiyo maana nasema usiruke sehemu tupu. Ningekuwa kwenye basi, au katika kundi la watu wanaocheka, ningesema “nitaangalia”.

Siku kadhaa mbele, baada ya mji wa Astorga, kuna Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma juu ya mti mrefu, karibu na mahali pa juu kabisa pa njia nzima, kama mita 1,500. Chini yake kuna rundo la mawe ambayo watu huyaleta kutoka makwao na kuyaacha hapo. Mimi nilikuwa na kokoto kutoka kwenye kiwanja changu. Nilitarajia nitetemeke. Nililiweka, nikasimama kidogo, upepo ukanifukuza, nikateremka. Wakati unaoupangia hisia mara nyingi hauleti hisia, na hilo halina ubaya. Mambo yalikuwa yameshatokea kwingine. Nguvu zako zitunze kwa mteremko wa kwenda Molinaseca, una mawe yaliyosimama kama meno na magoti yanalia. Hapo fimbo mbili ni lazima.

Galicia, jimbo la mwisho la njia, ni mvua na ukungu, na njugu za miti ya chestnut hudondoka Oktoba. Kuanzia mji wa Sarria watu wanajaa ghafla, kwa sababu kilomita 100 za mwisho zinatosha kupata cheti kwa mwenda kwa miguu, mradi pasipoti yake ya hujaji, kile kijitabu cha mihuri ya njiani, igongwe mihuri miwili kila siku. Wana mabegi madogo, viatu safi, wengine wanapiga muziki. Usiwachukie. Utajikuta unapima tena nani katembea zaidi, na ulikuja kuacha vipimo.

Kabla ya Santiago unapita misitu ya mikaratusi. Harufu ile ile ya Lushoto baada ya mvua.

Kisha uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu. Watu wanakumbatiana, wanalala chali juu ya mawe na mabegi yao. Mimi nilikaa tu. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na amani, na nilikuwa mtu yule yule. Niliingia ndani ya kanisa. Ipo humo sanamu ya huyo Mtume Yakobo akiwa juu ya farasi na upanga, na chini ya kwato wapo Waislamu, siku hizi wamefunikwa kwa maua. Niliiangalia muda mrefu. Historia ile ya vita vya Wakristo na Waislamu haikunifuta. Nilikuwa nimesimama pale kwa miguu yangu, na pembeni yangu Mhispania mmoja tuliyekutana jikoni Burgos aliniwekea mkono begani bila kusema neno. Nikatoka nikatafuta mahali pa kusali Alasiri.

Sasa sehemu ambayo hakuna aliyeniandaa: kurudi. Wiki za kwanza Hamburg nilikuwa naamka gizani nikitafuta viatu. Mwili unataka kutembea na hakuna mahali pa kwenda. Huzuni hiyo huja kwa wengi waliotembea mbali, na wengi hudhani safari imeshindikana. Haijashindikana. Acha siku tatu au nne kati ya kufika na kuingia kazini. Usiache kazi, usivunje ndoa, usitangaze mtandaoni kwamba umekuwa mtu mpya, kaa kwanza. Endelea kutembea. Mimi kila Jumapili nafuata Mto Elbe mpaka miguu itulie.

Kama unatokea Dar au Nairobi, utahitaji visa ya Schengen, na uiombe kwa Hispania kwa kuwa ndiko utakakolala siku nyingi, hata kama unaanzia Ufaransa. Kama una kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen, kibali na pasipoti vinatosha. Mei na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti Meseta inachoma.

Na kama kuna wanaokutegemea, zungumza nao mapema, kwa tarehe na kiasi, siyo kwa ahadi. Hili ndilo limenisaidia kuliko kumbukumbu zote za njiani. Mimi nimeweka kiasi kimoja cha mama, kinatoka benki chenyewe kila mwezi, na dada yangu nimemwambia alime mihogo kwenye kile kiwanja mpaka nitakapoamua. Mjomba bado anauliza kuhusu msingi. Namjibu kwamba sijajenga, kisha namuuliza magoti yake yanaendeleaje, kwa sababu yanamsumbua kweli, na zamani nilikuwa nakata simu kabla hajafika hapo.