Niloweke sarafu zangu za Kirumi kwenye ndimu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Leicester, Uingereza. Majuzi nimenunua kwa bei ya chini mfuko wa sarafu za shaba za Kirumi, za enzi ya Konstantino kwa jinsi nilivyoweza kuzisoma. Zote zina ukijani uliokolea, na mbili zimeanza kutoa unga wa kijani kilichopauka. Jamaa yangu ananishauri niziloweke kwenye siki na chumvi, kisha nizisugue kwa dawa ya meno. Kwenye video nimeona mtu anatumia ndimu na chaja ya simu, zikatoka zinang'aa. Njia ipi ni salama?

JIBU: Hakuna hata moja, ndugu yangu, na hiyo ya siki na chumvi ndiyo mbaya kuliko zote.

Nianze na zile mbili, maana hazisubiri. Zitenge leo. Gusa ule unga kwa kijiti cha meno: ukipukutika na kuacha kashimo, sarafu inaliwa. Shaba iliyolala ardhini karne nyingi huwa imenyonya kloridi. Kloridi ikikutana na hewa na unyevu hutengeneza asidi, asidi inakula shaba, na kazi inaanza upya. Halafu mtu anakwambia uongeze chumvi ya mezani, ambayo ni kloridi tupu, na asidi ya siki juu yake! Ondoa unga taratibu kwa kijiti, loweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa (ya bomba yana klorini), badilisha maji kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kisha ikaushe kabisa. Ihifadhi kwenye kikopo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mradi viwe vikavu. Unga ukirudi, mpelekee mhifadhi, yaani fundi wa kutunza vitu vya kale. Dawa zipo, ila ni za maabara, si za kuchezea jikoni.

Zile nyingine, kama ukijani wake ni mgumu na unateleza ukiugusa, haziumwi.

Kinachonichosha, na ninaulizwa kila mara, ni hii imani kwamba chini ya ukijani kuna sarafu mpya inayongoja kufunuliwa. Haipo. Kwa takriban miaka 1,700 tabaka la juu la shaba limegeuka taratibu, na picha na maandishi sasa vimo ndani ya tabaka hilohilo. Kulitoa ni kama kumchuna mtu ngozi ili uone sura yake vizuri.

Tafuta kwenye mfuko wako yenye maneno GLORIA EXERCITVS. Ni aina iliyotolewa kwa wingi sana, huenda unayo. Upana wake haufiki sentimita mbili. Utaona askari wawili wenye mikuki na ngao, na katikati yao nembo za kijeshi: zikiwa mbili ni toleo lililoanza mwaka 330, ikiwa moja ni la kuanzia 335 hivi. Chini ya miguu yao kuna herufi ndogo mno. Ukisoma TRP, umeshika sarafu ya Trier, Ujerumani ya leo, iliyopigwa katika karakana ya kwanza. TRS ni ya pili. Ndimu ikishapita hapo, mikuki inakwenda, herufi zinakwenda, unabaki na kisahani cha rangi ya waridi chenye vishimo. Umeme nao hauchagui uchafu na sarafu, unabandua vyote.

Raha ya sarafu hizi iko kwenye kuzishika. Nawa mikono, ikauke vizuri (jasho lina chumvi), shika sarafu kwa ukingo juu ya kitambaa, taa ikae ubavuni. Izungushe polepole na herufi zitaanza kujitokeza. Udongo uliogandamana ulainishe kwa maji hayohayo yaliyokenekwa, uutoe punje kwa punje kwa kijiti huku ukitazama kwa lenzi. Jioni nzima ikiishia kwenye sikio moja la kaisari, umefanya kazi nzuri.

Ukija kununua za kaisari Aurelian, za baada ya mageuzi yake ya sarafu ya mwaka 274, zidisha uangalifu. Fedha iliyomo ni takriban asilimia 5 tu, na ule weupe ni ganda jembamba la juu. Kuchovya mara moja kunatosha kulimaliza.

Na jihadhari na wauzaji. Wapo wanaozichubua, wakiona zimeharibika wanazipaka kijani na kuziuza kama za asili. Rangi ya kupaka hulingana kila mahali, hadi ndani ya mikwaruzo mipya. Hapo rudisha pesa yako mfukoni.

Wasomaji wa Pwani nanyi msijitoe. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu yanayopatana vina upande huu na ule, zinateswa vivyo hivyo: mtu anaiokota ufukweni, anaisugua kwa mchanga na ndimu ili ipate mnunuzi, na jina la sultani linafutika. Ukiiokota, iache na mchanga wake, ifunge kwenye karatasi kavu, andika ilipokuwa, kisha utoe taarifa ofisi ya mambo ya kale. Usiioshe hata kwa maji ya kunywa.