Bolti Zang'aa, Bodi Yaliwa

SWALI: Nimenunua boti ya alumini iliyofanya kazi baharini Dar es Salaam, nami nataka kuitumia hapa ziwani. Kuzunguka bolti za chuma kisichoshika kutu pana mashimo yenye unga mweupe, ilhali bolti zenyewe zinang'aa. Fundi wa mwaloni Kibirizi anasema alumini hiyo ni hafifu, tena ananishauri niweke bolti za shaba. Nifanyeje? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu msomaji, shaba usiiweke kabisa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri: umeme hupita pale zinapogusana, maji hukamilisha mzunguko, na metali iliyo nyepesi kuyeyukia majini huliwa huku ikimkinga mwenzake. Mbele ya chuma na shaba, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo bolti zako zinang'aa kwa gharama ya bodi. Shaba ina ubaya zaidi, kwani chembe zake husafiri majini na kutua juu ya alumini hata pasipo kugusana. Kipande cha waya wa shaba kilichosahauliwa kwenye ngama (chini ndani ya boti, maji yanapojikusanya) chaweza kutoboa boti.

Nafuu yako ni kwamba bolti ni ndogo na bodi ni kubwa. Ingekuwa kinyume chake, yaani ribiti za alumini kwenye bamba kubwa la shaba, ribiti zingekwisha upesi. Kwa sababu hiyohiyo, usipake rangi alumini peke yake ukaacha bolti wazi, maana mkwaruzo mmoja utabeba ulaji wote.

Zifungue bolti, safisha unga, mashimo yaliyoingia ndani yachomelewe na fundi anayeijua alumini, kisha uzirudishe zilezile zikiwa na washa na vijimrija vya nailoni, na uhakikishe kwa mita ya kupimia umeme kwamba umeme haupiti kati ya bolti na bodi.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ya Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hupitisha umeme kidogo, hivyo ulaji utapungua bila kukoma. (MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili iliyozamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, isikudanganye kwa kudumu kwake: ile ni chuma kilichopigwa ribiti za chuma, si metali mbili tofauti.) Ukikuta vipande vya zinki vimefungwa chini ya boti ili viliwe badala yake, vibadilishe kwa magnesi (metali iliyo nyepesi zaidi kuliwa), kwa kuwa zinki katika maji baridi hujifunika gamba ikaacha kufanya kazi. Boti ikirudi Dar es Salaam, magnesi hiyo iondolewe kabla haijashushwa majini, kwani baharini huisha haraka mno.