Mwandishi Akikukabidhi Riwaya Yake Uichore

Wachoraji chipukizi huniuliza wamjibu nini mwandishi aliyewakabidhi riwaya yake na sasa anasubiri kwa hamu kusikia wameionaje. Mimi huchora picha za vitabu, na ushauri wangu ni kumjibu kwa mchoro, tena mapema, kwa sababu sifa tupu hazimwambii kama umemsoma.

Mfano ninaoupenda ni wa mchoraji Mwingereza, Frederic Leighton. Mwaka 1862 George Eliot, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume, alianza kuitoa riwaya yake Romola kila mwezi katika jarida la Cornhill la London. Hadithi yenyewe ni ya Florence, mji wa Italia, mwishoni mwa karne ya 15, na Leighton, aliyewahi kuishi na kusomea uchoraji katika mji huo, ndiye aliyepewa kazi ya kuichora. Mambo ambayo mwandishi alisafiri kuyatafuta na kuyapekua maktabani, yeye alikuwa amekua nayo machoni.

Hata hivyo, picha ya kwanza, ya Romola na baba yake kipofu, ilimfanya Eliot aandike kuhusu nywele na mavazi ya binti huyo. Kisha akaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa mchoro ulikuwa umekwisha kuwekwa kwenye kibao cha mbao ambacho mafundi wangekichonga kwa ajili ya kuchapia. Akamwandikia tena kwamba picha haziwezi kuwa zaidi ya utangulizi wa muziki kwa maandishi. La sivyo, mchoraji atateswa na matakwa ya mwandishi, naye mwandishi atakufa kwa kutarajia yasiyowezekana. Kuhusu Nello, kinyozi wa hadithi hiyo, alikiri kwamba wa Leighton alimshinda wa kwake. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo mimi humpelekea mwandishi mchoro wa penseli wa mhusika mmoja tu, uso, nywele na mavazi, kabla sijagusa rangi. (Malalamiko, mara nyingi, huwa ya nywele.) Usimwahidi kwamba utachora kilichomo kichwani mwake, maana hicho hujakisoma. Akipinga jambo, rudi kwenye ukurasa husika: likiwa limeandikwa, libadilishe bila kinyongo, na lisipokuwapo, mwombe kwa adabu akuachie wewe uamue, au aliongeze kwenye maandishi kabla kitabu hakijaenda mtamboni.