Maswali ya Wasomaji: Mhandisi Ajifunze Ujuzi Upi Baada ya Chuo?

Swali: Mimi ni mhandisi umeme, niko kitengo cha matengenezo katika kiwanda cha kusaga mahindi. Wenzangu kila mmoja na lake: huyu anasema Python ya kuandika programu, yule sola, mwingine PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Nina saa sita za kujisomea kwa wiki na kompyuta moja. Nishike lipi? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Anza na daftari la matengenezo. Kwa wiki mbili andika kila mashine iliposimama: ilikaa dakika ngapi, chanzo kilikuwa nini, nani aliirudisha. Kisha jumlisha dakika mlizokaa mkimsubiri mtu wa nje aje na kompyuta yake. Zikiwa nyingi, jibu ni PLC. Zikiwa chache na kinachowatesa ni beringi, PLC iache kwanza. Kupima mtetemo wa mota kutakulipa mapema zaidi. Sola ni kazi nzuri kwa anayetaka kutoka kiwandani. Asiyetaka kutoka ataisahau kwa kukosa pa kuitumia.

Tuseme ni PLC. Usinunue kifaa chochote kwa wiki sita za mwanzo. Pakua Codesys, programu ya kuandikia PLC, ni ya bure na ina uigaji ndani yake, yaani unajaribu kazi yako bila PLC halisi, uandike kwa mchoro wa ngazi, ule mafundi wanaouita lada. Hiyo ni mojawapo ya lugha za kiwango cha IEC 61131-3, kwa hiyo utakachojifunza hapo utakikuta pia kwenye PLC za Siemens au Schneider, tofauti kubwa ikiwa sura ya programu.

Mradi wako unao kazini: mkanda wa kulishia, eleveta na kinu. Nafaka hutoka kwenye mkanda, hupanda eleveta, huingia kwenye kinu. Kuwasha kunakwenda kinyume cha mwendo wa nafaka: kinu kwanza, baada ya sekunde 10 eleveta, baada ya sekunde 5 mkanda. Kuzima kunafuata nafaka: mkanda kwanza, ili kilichobaki njiani kipite. Eleveta ikisimama ghafla, mkanda usimame papo hapo, la sivyo mahindi yatajaa chini ya eleveta na mtafukua kwa koleo.

Utakosea mahali patatu, karibu kila anayeanza hupita hapo. La kwanza ni kitufe cha kusimamisha. Kinaungwa upande wa NC, yaani ule uliofungwa kikiwa hakijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe. Maana yake PLC inaona 1 kitufe kisipobonyezwa, kwa hiyo kwenye lada unaweka alama ya kontakti iliyo wazi. Ukiweka iliyofungwa, kwa kuwa mchoro wa kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) uliouzoea unaonyesha hivyo, mashine haitawaka mpaka ushikilie kitufe cha kuzima. La pili ni kuandika tokeo moja, yaani amri ya kuwasha mota ileile, mahali pawili: mstari wa mwisho ndio unaoshinda, na ule wa juu utauona unawaka kwenye skrini huku mota imelala. La tatu ni kuhesabu magunia bila kutafuta ukingo wa ishara, pale inapobadilika kutoka 0 kwenda 1. Programu inazunguka mara nyingi kwa sekunde; ukiongeza 1 kila mzunguko sensa inapoona gunia, gunia moja litakuwa mia.

Baadaye nenda kwenye ishara za 4–20 mA, ambazo sensa, mfano ya kina cha tangi, hutumia kutuma kipimo kwa mkondo wa umeme. Hapo 12 mA ni nusu ya kipimo, na kitu kilicho chini ya 3.6 mA kichukulie kuwa hitilafu, mara nyingi waya uliokatika. Ukija kununua Siemens S7-1200 aina ya CPU 1214C, fahamu kwamba maingizo yake mawili ya analogi ni ya 0–10 V tu. Bila moduli ya ziada, kipinga cha ohmu 500 sambamba na ingizo kitageuza mkondo kuwa 2–10 V. Chagua cha nusu wati, kwa kuwa kwa 20 mA kinachoma 0.2 W. Na kwa kuwa 10 V husomeka 27648 ndani ya PLC, sifuri yako sasa inaanzia 5530. Anayesahau hilo huona tangi tupu likidai limejaa asilimia 20.

Swichi ya dharura usiitegemeze kwenye programu pekee. Ikate moja kwa moja umeme wa koili za kontakta.

Swali: Nasimamia barabara na mifereji, kazi zangu ziko kati ya Dodoma na Morogoro. Nijifunze kuchora kwa 3D au ramani za kompyuta? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Ramani, kwa QGIS, programu ya ramani ambayo haina malipo. Michoro ya 3D mara nyingi huja na mshauri wa mradi. Ramani ya maeneo ya vifusi, kalavati na malalamiko ya wananchi haiji na mtu.

Kazi yako inavuka mstari wa digrii 36 mashariki, na hapo ndipo wengi huumia. UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita, hugawa dunia kwa kanda: Dodoma mjini iko kanda ya 36 kusini (kwenye QGIS chagua EPSG:32736), Kongwa na Morogoro kanda ya 37 (EPSG:32737). Ramani za zamani zilizotumia Arc 1960, msingi wa vipimo wa zamani, zitasogea karibu mita 300 ukizisoma kama WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS. Na ukigeuza latitudo na longitudo wakati wa kuingiza pointi za GPS, Dodoma yako itatokea baharini karibu na Tangier, Morocco. Ukiona hivyo usifute faili, badilishanisha safu hizo mbili tu. Data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kutoka angani na yenye vigae vya mita 30, itakuonyesha maji yanakotoka, lakini mteremko wa mfereji upime kwa levo, kile kifaa cha kupimia miinuko.

Swali: Nimeanza Python mara tatu nikaacha. Kasoro yangu ni nini? *Msomaji, Thika*

Jibu: Pengine ulikuwa ukifanya mazoezi ya mtu mwingine. Chukua faili la Excel unalojaza kila Ijumaa, mfano usomaji wa mita, ulihifadhi kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), na ufanye jambo moja: kutoa jumla ya kila siku kwa pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali. Angalia tarehe kwanza. Pandas husoma 03/04/2024 kuwa tarehe 4 Machi, mtindo wa Marekani; andika `dayfirst=True` ili siku isomwe kabla ya mwezi. Siku zilizozidi 12 ndizo zitakazokuonya, maana hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo jaribu na faili la mwezi mzima, si la wiki ya kwanza.