Maina ya sera ya mazingira: nenda na swali lako kutoka nyumbani

Nilipofika Ohio kusoma uhandisi wa ujenzi sikuwa na habari kabisa na mambo ya sera. Nimekulia Mombasa, shuleni hesabu na fizikia ndio tulizozitegemea, na akilini mwangu mazingira yalikuwa ni kupanda miti na kuokota taka siku ya usafi, basi. Siku hizi napata meseji nyingi za wadogo zangu walioko vyuoni Marekani ama ndio wanajaza fomu za kwenda, wanauliza hii maina ya sera ya mazingira ina faida gani, waichukue ama waiache. Ngoja niwaeleze vile nilivyoiona mimi.

Kwa ambao hawajazoea lugha ya kule, meja ndio fani yako kuu na maina ni fani ndogo unayoibeba pembeni, mara nyingi kozi 5 ama 6 hivi, krediti kama 15 mpaka 18. Sera ya mazingira haikai kwenye idara moja. Unachukua kozi kwa watu wa uchumi, nyingine kwa watu wa siasa, nyingine kemia ama jiolojia, pengine sheria, pengine GIS, yaani ramani za kompyuta, na hapo ndipo utamu ulipo na hapo hapo ndipo watu wanapotea, manake yule profesa wa uchumi anaongea ya kwake na yule wa kemia ya kwake na hakuna wa kukuunganishia, hiyo ni kazi yako wewe.

Mimi nilipotea mwaka mzima. Kozi nilikuwa nazichagua kwa kuangalia ratiba, ipi haigongani na maabara, ipi haina mtihani mkubwa, mwisho wa mwaka alama nzuri lakini ukiniuliza nimejifunza nini sina jibu.

Kilichonigeuza ni darasa moja ambapo tulikaa wiki tatu nzima na mji wa Flint kule Michigan. Wengi mmeisikia hii habari juu juu. Aprili 2014 mji ulikuwa chini ya meneja aliyewekwa na jimbo kubana matumizi, wakaacha kununua maji ya Detroit wakaanza kuchota mto Flint, na maji ya ule mto yanakula bomba zaidi, na ile dawa ya kuzuia bomba lisiliwe hawakuitia. Mabomba mengi ya zamani yalikuwa ya risasi, ile metali yenye sumu (lead), sio risasi ya bunduki. Risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa, watoto wakanywa, wazazi wakabeba chupa za maji ya kahawia mpaka mikutanoni wakaambiwa maji ni salama, na maji ya Detroit yalirudishwa Oktoba 2015 tu.

Sasa angalia hapo kuna fani ngapi. Kutu na dawa yake ni kemia. Kuacha maji ya Detroit ni bajeti. Meneja ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote ni siasa. Halafu kuna sheria, ile kanuni ya Marekani ya 1991 kuhusu risasi kwenye maji, wakati huo ilisema shirika la maji linatakiwa kuchukua hatua pale zaidi ya asilimia 10 ya nyumba zilizopimwa zinapozidi mikrogramu 15 za risasi kwa lita, yaani hata kuchagua nyumba zipi zipimwe kunabadilisha jibu. Mimi kama mhandisi ningeangalia bomba peke yake nikaenda kulala.

Na muda wote huo kichwani mwangu ilikuwa ni Owino Uhuru. Watu wa Mombasa mnajua, ule mtaa upande wa Jomvu ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, risasi hiyo hiyo, watoto hao hao. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mtoto wake akapatikana na sumu mwilini, akaanza kupigania haki mpaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira, na 2020 mahakama Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, halafu kesi ikaingia kwenye rufaa ikaenda mpaka Mahakama ya Juu. Nilikuwa nimekua karibu na hapo na sijawahi kujiuliza chochote! Siku hiyo nikaandika kwenye daftari: nani anatakiwa kupima, na akikuta sumu sheria inamlazimisha afanye nini?

Tangu hapo kila kozi niliichagua kwa hilo swali. Nilichukua sheria ya mazingira kwa sababu yake, nikachukua takwimu, nikachukua uchumi ambao nilikuwa naukimbia, na karibu kila insha niliyoruhusiwa kuchagua mada niliirudisha Mombasa. Ndio maana nawaambia kabla hujaenda kwa mshauri wa masomo kuwa na swali lako, liwe la kwenu, liwe linakuuma kweli. Kama umekua ukipita Kibarani, pale Mombasa palipokuwa na dampo la taka, na matatu mnafunga madirisha kwa ile harufu, hilo ni swali tayari. Dampo likafungwa, taka sasa zinaenda Mwakirunge, je tatizo limeisha ama limehamia kwa jirani mwingine?

Kazi iliyonishinda zaidi ilikuwa memo ya ukurasa mmoja. Mhandisi amezoea kuonyesha hesabu zote, hapa unaambiwa mwandikie diwani ambaye ana dakika tano, sema tatizo, sema afanye nini, sema itagharimu nini na nani ataumia. Yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu na nilistahili kabisa. Tafuta kozi inayofundisha hilo, usiikwepe.

Ya visa sasa, na hapa kuwa makini sana. Ukiwa na F-1, yaani visa ya mwanafunzi, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, OPT, inafuata meja na sio maina. Kazi lazima ihusiane moja kwa moja na meja yako, kwa hiyo usijiambie utahitimu na meja nyingine kabisa halafu hii maina ikuombee kazi ya mazingira. Mimi niliponea kwa sababu maji na mifereji ni uhandisi tayari. Pia uliza mapema ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande zote mbili, vyuo vingi vina kikomo, na jisajili ukiwa mwaka wa pili hivi ili usije ukalipia semista ya ziada. Familia zetu zinajinyima sana kwa hizo ada.

Na usikubali ibaki darasani. Kule serikali kuu ikitaka kutunga kanuni kwa kawaida inaitangaza kwanza na yeyote anaweza kuandika maoni, sisi tuliandika kama kazi ya kozi. Huku kwetu nako, sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kwa mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inatangaza ripoti watu watoe maoni, lakini jiulize umewahi kusoma hata moja? Mimi kabla ya kwenda sijawahi.

Sahi nimerudi, nafanya kazi za mifereji na maji taka, na ripoti za tathmini zinapita mezani kwangu. Nikipewa moja nafungua kwanza mpango wa usimamizi wa mazingira, naangalia nani atapima maji, mara ngapi kwa mwaka, na majibu yatabandikwa wapi watu wa mtaa wayaone. Kama hayo hayamo, naandika memo ya ukurasa mmoja nairudisha.