Maswali ya Wasomaji: Mauaji yakitokea, mgonjwa wetu ndiye anayetazamwa

Toleo lililopita tulichapisha makala juu ya shambulio la Aurora, jimbo la Colorado, Marekani. Usiku wa manane kuamkia Ijumaa, 20 Julai 2012, kijana wa miaka 24 aliingia kwenye ukumbi wa sinema uliofurika watazamaji wa onesho la kwanza la filamu ya Batman, akaua watu 12 na kujeruhi wengine 70. Barua zilizokuja ni nyingi. Tunajibu tano.

*Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwapo. Anatibiwa mwaka wa nne sasa na hajawahi kumgusa mtu. Yakitokea mauaji, iwe huko Marekani iwe hapa kwetu, kundi la WhatsApp la mtaa linajaa "huyo ni kichaa tu, hawa watu wafungiwe". Baada ya makala yenu mama mwenye nyumba ameniuliza kama tuko salama naye. Nimjibu nini?*
Dada mtu, Morogoro

Pole sana, dada. Mjibu kwa ukweli wote, pamoja na sehemu yake ngumu, maana mama huyo akihisi unaficha kitu hofu itazidi.

Mauaji mengi hufanywa na watu wasio na ugonjwa wowote wa akili. Ni ulevi, wivu, ugomvi wa ardhi, ujambazi, chuki ya itikadi. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili katika jamii nzima walikadiria kwamba hata magonjwa makubwa ya akili yangetoweka kesho, vurugu zingepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Mwaka 2018 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa uchambuzi wa watu 63 waliofyatulia umma risasi kati ya 2000 na 2013. Waliojulikana kuwa walishakutwa na ugonjwa wa akili wa aina yoyote kabla ya tukio ni 16, na kati ya hao wenye magonjwa ya saikosisi, kundi ambalo skizofrenia imo, ni 3.

Sehemu ngumu ni hii: hatari hupanda kiasi pale mwenye skizofrenia anapokuwa hatumii dawa, na hupanda zaidi akiongeza pombe au dawa za kulevya. Utafiti wa MacArthur wa mwaka 1998 uliwalinganisha wagonjwa waliotoka hospitali za akili mjini Pittsburgh, Marekani, na majirani zao wa mitaa ileile. Wagonjwa wasiotumia vilevi hawakuzidi majirani kwa vurugu. Basi mwambie mama mwenye nyumba kwamba mdogo wako yuko kliniki, dawa anatumia, na hali ikianza kubadilika mnajua pa kumpeleka. Ila kwanza muulize mdogo wako mwenyewe kama anaridhia habari zake zizungumzwe. Ugonjwa ni wake.

Na hiyo hali kubadilika, jifunzeni kuiona mapema. Mara nyingi huanza na usingizi: siku tatu, nne, hapati usingizi. Kisha anajitenga, anaacha kuoga, anakataa chakula akidai kina sumu, anazima redio kwa kuwa inamsema yeye. Usibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Mpeleke kliniki wiki hiyohiyo, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wengi hurudi nyuma kwa sababu zinazojulikana: kapata nafuu akaacha dawa, mikono inatetemeka au kanenepa akaona haya kusema, dawa zimeisha zahanati, au kaambiwa maombi yameshamponya. Dawa inayosumbua hupunguzwa au hubadilishwa. Anayesahau vidonge anaweza kuandikiwa sindano ya kila wiki 2 hadi 4. Maombi yaendelee, dawa ziendelee. Kamba na minyororo visiingie nyumbani kwenu: humwumiza, na humthibitishia kwamba wanaomsaka ndio nyie.

Kwenye kundi usigombane na mmoja mmoja. Andika mara moja: "Mtaa huu una familia zinazouguza wagonjwa wa akili. Hakuna kati yetu aliyempima aliyeua. Tusubiri." Sentensi ya kati ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa hakuna anayeweza kuikana. Kisha mfuate msimamizi wa kundi pembeni. Hili linatuuma kulisema, lakini watu wenye skizofrenia hupigwa, huibiwa na hudhulumiwa mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru wengine. Na mgonjwa anayenyooshewa kidole na mtaa huanza kukwepa kliniki ili asionekane akiingia.

*Makala yenu ilisema madaktari walikubali kijana yule ni mgonjwa, halafu ikasema kafungwa maisha. Mnatuchanganya. Ama ni mgonjwa atibiwe, ama ni mkosaji afungwe.*
Mzee wa Kilifi

Shikamoo, mzee. Mahakama huuliza maswali mawili, nasi huku nje huyafanya moja. La kwanza ni la daktari: je, ana ugonjwa? La pili ni la sheria: alipokuwa akitenda, alielewa anachokifanya na kwamba ni kosa?

Katika kesi ya Aurora, madaktari wawili wa akili walioteuliwa na mahakama walisema ana ugonjwa, lakini alijua atendalo. Silaha alizikusanya kwa wiki kadhaa, mpango akauandika kwenye daftari, nyumba yake akaitega milipuko. Tarehe 16 Julai 2015 juri, yaani raia walioketi kuamua kesi, wakamkuta na hatia. Wakati wa adhabu hawakuafikiana wote juu ya kifo, na ugonjwa wake ulikuwa miongoni mwa hoja zilizowagawa. Akapewa kifungo cha maisha mara 12 na miaka 3,318 juu yake.

Kwetu kanuni ni ileile, iliyotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1843. Kenya iko kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, Tanzania kifungu cha 13. Mshtakiwa huhesabiwa kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tanzania, mahakama ikiwa na shaka humpeleka kwenye taasisi ya Isanga, Dodoma, na sheria huipa hospitali siku 42 kutoa taarifa. Anayeonekana hakuwa na akili timamu haachiwi akaenda zake nyumbani. Hushikiliwa chini ya ulinzi na kutibiwa, na wengine hukaa humo miaka mingi.

Tazama pia Norway. Tarehe 22 Julai 2011 mtu mmoja aliua watu 77 mjini Oslo na kisiwani Utøya. Madaktari wawili walimhoji mara 13, jumla ya saa 36, wakaandika kwamba ana skizofrenia. Madaktari wengine wawili wakampima upya wakasema hana. Agosti 2012 mahakama ikaamua ana akili timamu: aliua kwa itikadi ya chuki aliyoilea kwa miaka. Kama mabingwa wanne waliokaa na mtu uso kwa uso walitofautiana, mtu mwenye simu mkononi hawezi kumpima muuaji saa moja baada ya tukio. Na neno "kichaa" lingeshinda pale, itikadi yenyewe isingejadiliwa.

*Ninamsimamia msanii mwenye wafuasi wengi. Likitokea janga, akiposti pole wanasema anatafuta kiki. Akinyamaza wanasema hana utu. Tufanyeje?*
Meneja, Dar es Salaam

Kaka, anza na kile ambacho hakuna anayekiona: zimeni machapisho yote mliyoyapanga yajirushe yenyewe. Hapo ndipo aibu nyingi hutokea. Asubuhi ya Aurora, duka moja la nguo la mtandaoni liliona jina la mji linavuma, likadhani watu wanazungumzia gauni lake liitwalo Aurora, likalitangaza kwa furaha. Likaishia kuomba radhi. Pole ikiwekwa saa nne na tangazo la wimbo likajirusha saa nne na nusu, pole hiyo imeshakufa.

Pili, subirini taarifa rasmi ya polisi au serikali. Msitaje idadi ya waliokufa, kwa kuwa hubadilika. Msitaje sababu. Hapa ndipo watu maarufu hukosea kwa nia njema kabisa: "Tuwapime ndugu zetu akili, haya ndiyo matokeo." Kwa sentensi hiyo amemwambia kila shabiki wake mwenye sonona kwamba yeye ni muuaji mtarajiwa. Kuhamasisha afya ya akili ni jambo jema, lakini lisifungwe kwenye maiti za mtu mwingine. Pole iwe fupi, iwataje wafiwa na mahali, isiwe na picha ya msanii.

Tatu, pawe na kitu kinachofanyika. Christian Bale, aliyeigiza kama Batman katika filamu ile, alikwenda Aurora 24 Julai 2012, siku nne baada ya shambulio, akawaona majeruhi hospitalini. Hakuita waandishi, na studio ikasema amekwenda kwa nafsi yake. Dunia ilijua kwa sababu majeruhi na wahudumu walisambaza picha wenyewe. Mwimbaji Ariana Grande, baada ya bomu lililoua watu 22 kwenye onesho lake Manchester, Uingereza, 22 Mei 2017, alirudi mji uleule, akawatembelea watoto hospitalini, na 4 Juni akafanya tamasha lililokusanya mamilioni ya pauni kwa waathirika. Waliokuwapo siku ya bomu walipewa tiketi bure. Alipokutana na mama wa mmoja wa marehemu, maneno ya mama huyo yakamfanya abadilishe orodha ya nyimbo. Hakuja kuwapangia wafiwa namna ya kulia.

Msanii wako akitaka kwenda wodini, apitie kwa muuguzi mkuu wa wodi, na mgonjwa aulizwe kabla yeye hajafika mlangoni. Waingie wawili, simu zibaki nje, mikono ioshwe. Asiulize "ilikuwaje?" Aketi, asalimie, asikilize anachoambiwa, aondoke kabla mgonjwa hajachoka. Asitoe ahadi ya ada ya shule wala nyumba ambayo meneja hajaitengea fedha, maana familia itaihesabu kila mwezi. Michango ipite kwenye akaunti iliyotangazwa na chombo kinachojulikana, kamwe isiwe namba ya simu ya mtu binafsi.

Na kama ni damu, awapange mashabiki kwa zamu. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa Septemba 2013, watu 67 wakauawa, Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu, na ilikuwa fahari kuiona. Lakini chembe nyekundu hutunzwa siku 35 hadi 42 kutegemea mfuko, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, siku 5 tu. Wakitoa wote siku ya kwanza, wiki ya saba hakuna, na majeruhi wa mifupa bado wanafanyiwa upasuaji. Mtoaji awe na angalau kilo 50 na umri usiopungua miaka 18. Mwanaume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

*Mbona hamkutaja jina la muuaji? Si mnaficha ukweli?*
Msomaji, Bujumbura

Liko kwenye kumbukumbu za mahakama, anayelihitaji atalipata. Sisi hatulitangazi kwa sababu baadhi ya wauaji wa aina hii husoma habari za waliowatangulia na kutafuta umaarufu uleule. Baada ya Aurora walijitokeza vijana mitandaoni wakijiita mashabiki wa muuaji huyo. Wazazi wa mmoja wa waliouawa wakaanzisha kampeni ya No Notoriety kuvitaka vyombo vya habari vipunguze jina na picha. Baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch, 15 Machi 2019, waziri mkuu Jacinda Ardern aliliambia bunge la New Zealand kwamba hatalitamka jina la muuaji. Muuaji akiwa bado anasakwa ni jambo jingine: hapo jina na sura vitangazwe.

Nafasi hiyo wapewe marehemu. Wakenya walilifanya hili vizuri baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, walipozisambaza picha na majina ya wanafunzi wakisema 147 si idadi tu. Picha zilikuwa za watu wakiwa hai. Zile za miili, futa na usisambaze hata kwa nia ya kusikitika. Ndugu wa marehemu wamo kwenye makundi hayohayo.

*Kijana wa jirani ameandika kwenye hali (status) yake ya WhatsApp kwamba "siku moja mtanikumbuka, nitawamaliza wote". Mama yake anasema ni utoto. Mimi moyo haujatulia.*
Mama wa watatu, Nakuru

Moyo wako una sababu, mama. Katika uchambuzi uleule wa FBI, asilimia 56 ya washambuliaji walikuwa wameshadokeza nia yao kwa mtu mwingine. Karibu kila mmoja alikuwa na watu walioona jambo lisilo la kawaida, na zaidi ya nusu ya kesi zilikuwa na angalau mtu mmoja aliyeona asifanye lolote.

Piga picha ya skrini sasa hivi, pamoja na tarehe na saa, kwani chapisho hilo hufutika baada ya saa 24. Usilisambaze kwenye kundi. Kisha tafuta majibu ya mambo manne: Ametaja nani au mahali gani? Ametaja siku? Ana njia ya kupata silaha, panga, sumu au petroli? Kuna kitu kimemvunja karibuni, kama kufukuzwa shule, kuachwa au kudhalilishwa mbele za watu? Kama kuna aliyetajwa, au siku, au silaha iko karibu, nenda polisi leo na picha hiyo, na anayetishiwa ajulishwe. Ukisikia anaanza kutenda, piga 999 au 112.

Kama hakuna hata kimoja, tafuta mtu mzima anayemwamini, awe mjomba, mwalimu au kocha, akae naye faraghani amuulize waziwazi: "Unafikiria kumdhuru mtu? Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi mbegu. Swali la pili lisiachwe, kwa sababu baadhi ya wanaotishia kuondoka na wengine walianza kwa kutaka kufa wenyewe. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Na unapokwenda polisi au hospitali, usiseme "kuna kichaa mtaani". Taja alichoandika, neno kwa neno, na saa aliyokiandika.